Zizi ni la Nani?

Mwishoni mwa Septemba 2016 Yanga walisafiri hadi Shinyanga wakiwa mabingwa watetezi, wakaondoka Uwanja wa CCM Kambarage wamelala 1-0. Bao lilikuwa la Pastory Athanas. Kwenye benchi la wenyeji alikuwapo Mfaransa Patrick Liewig, aliyewahi kuinoa Simba, na timu yake ilikuwa Stand United, klabu iliyozaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, mikononi mwa wapiga debe. Wenyewe wanaiita Chama la Wana. Aliyesoma matokeo tu kwenye gazeti la kesho yake angedhani huko Shinyanga kuna klabu iliyotulia, yenye kocha wa Ulaya, vijana wenye njaa ya mafanikio na viongozi wanaopikika chungu kimoja.

Ukweli ni kwamba klabu ilikuwa imepasuka vipande viwili. Upande mmoja walikuwa wanachama, wenye Stand United Football Club. Upande wa pili ilikuwa kampuni, Stand United Company. Kila upande ulikuwa na viongozi wake, mihuri yake na hoja zake, na kila upande ulisema timu ni yake. Ugomvi ulifika TFF, ukajaza kurasa za michezo, na vijiwe vya stendi viligawanyika hata watu waliozoea kunywa kahawa benchi moja wakahama.

Kilichoutia ugomvi huo petroli ni fedha. Mwaka 2015 Stand United ilipata mdhamini ambaye klabu nyingi za mikoani zilikuwa zikimwota tu: Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, wa zaidi ya shilingi bilioni mbili. Kwa timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 kwa nguvu ya michango na ubishi, hiyo ilikuwa mvua ya masika. Hata hivyo mvua ikinyesha kabla watu hawajakubaliana mpaka wa shamba, kila mmoja hukimbilia jembe lake. Mwaka 2016, mkataba ukiwa haujafika mwisho, Acacia ilijitoa. Liewig naye hakuumaliza msimu ule. Timu ikachukuliwa na Hemed Morocco, ambaye miaka baadaye alikuja kuinoa Taifa Stars.

Nimeirudia habari hii ya zamani kwa sababu mwaka mzima wa 2025, kwenye luninga na simu zetu, tulikuwa tukifuatilia ugomvi wa wenye timu na mameneja wao huko Marekani na Kanada, tukiusimulia kama tamthilia ya watu wengine. Mwezi Juni 2025 Toronto Raptors walimwondoa Masai Ujiri, mtu ambaye mama yake ni Mkenya na ambaye mwaka 2019 aliwapa ubingwa wa NBA, wa kwanza katika historia yao. Novemba 2025 Dallas Mavericks walimfukuza Nico Harrison, meneja mkuu aliyemtoa Luka Dončić kwa Lakers mwezi Februari na kuwafanya mashabiki wa timu yake waimbe uwanjani afukuzwe. Vijana wa Kahama na Geita walilijadili hilo kwa hamasa ya kupanga kikosi. Na mimi nikawa najiuliza mbona hatuna hamasa hiyo kuzungumzia cha kwetu, ambacho kilikuwa kikali zaidi na kilitugharimu zaidi.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwetu, ukisema meneja wa timu, watu wanamwona mtu anayebeba begi la leseni za wachezaji, anayebishana na hoteli juu ya vyumba na kuhakikisha jezi hazikusahaulika Singida. Ni kazi ya heshima lakini si ya kauli. Meneja mkuu wa timu ya kikapu ya Marekani ni mnyama mwingine. Huyo ndiye anayeamua nani asajiliwe, nani auzwe, nani aletwe kutoka chuo, na mara nyingi ndiye anayemleta na kumfukuza kocha. Juu yake yupo mwenye timu, tajiri aliyeinunua kwa fedha yake. Mwenye timu anaweza kuwa wa aina mbili: anayesaini hundi na kukaa kiti cha mbele akipiga makofi, au anayesaini hundi kisha akataka na yeye achague mchezaji. Vita vyote huzaliwa na hiyo aina ya pili.

Na Mtanzania mmoja aliwahi kuwa katikati ya vita hivyo, ingawa hatumzungumzii kwa namna hiyo. Juni 25, 2009, mjini New York, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, jina lake liliitwa la pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Aliyemchukua Thabeet ni Memphis Grizzlies. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Nchi nzima tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila ukitazama ile timu ya Memphis unabaki unakuna kichwa. Tayari walikuwa na Marc Gasol, mtu mrefu wa katikati, kijana anayekua kila siku, na wiki chache baadaye wakamleta Zach Randolph. Thabeet angecheza wapi? Meneja mkuu alikuwa Chris Wallace. Mwenye timu alikuwa Michael Heisley, tajiri wa Chicago ambaye hakuwahi kuficha kwamba kwenye masuala ya usajili alikuwa na sauti. Waandishi wa michezo wa Marekani wameandika mara nyingi kuwa aliyempenda Thabeet hasa ni mwenye timu. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alipelekwa ligi ya chini kuchezea Dakota Wizards, na hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake aliyewahi kushushwa huko. Mwaka uliofuata akauzwa Houston.

Hapa nyumbani tulimlaumu kijana. Tulisema hakujituma, alilewa fedha, hakuwa na mikono. Labda baadhi ya hayo yana ukweli. Kikapu ni mchezo wa ukatili na takwimu zake hazikumtetea. Lakini mchezaji aliyesajiliwa kwa sababu bosi wa bosi alimtaka huingia kambini akiwa na deni. Kocha hakumwomba. Benchi la ufundi halina mpango naye. Akikosea, hakuna wa kusimama na kusema huyu nilimleta mimi, mvumilieni. Wachezaji wetu wa Ligi Kuu wanaijua hali hiyo vizuri sana. Wapo wanaoitwa “usajili wa kiongozi”, na ukishaitwa hivyo kocha atakupa dakika tano za mwisho timu ikiwa inaongoza tatu bila.

Kilichofuata Memphis kinafurahisha zaidi kwa msomaji wa mambo ya madaraka. Mwaka 2012 Heisley aliiuza timu kwa kijana tajiri wa teknolojia, Robert Pera. Pera alikuja na mtendaji wake, Jason Levien, na Wallace akasukumwa pembeni, akabakiwa na ofisi bila kauli. Mei 2014 Pera akamfukuza Levien. Aliyeitwa kurudi kushika usukani? Wallace yuleyule. Yaani mtu alizikwa ofisini, akakaa kimya, akawazika waliomzika. Kuna makatibu wakuu wa klabu zetu ambao wangesoma habari hii na kutabasamu.

Na bado, pamoja na vituko vyote hivyo, kitu kimoja hakikubishaniwa Memphis hata siku moja: timu ni ya nani. Ilikuwa ya Heisley, kisha ikawa ya Pera. Meneja akishindwa, anajua nani kamshinda, anachukua malipo yake ya mkataba na kwenda. Ugomvi una mwisho kwa sababu una mwenyewe. Kwetu kanda ya dhahabu hatujawahi kubahatika kupigana vita vya namna hiyo. Vita vyetu huanzia hatua moja nyuma. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tatizo letu si fahali, ni kwamba hatujui zizi ni la nani.

Ili uone ninachosema, toka uwanjani uje mgodini.

Bulyanhulu iko Msalala, wilayani Kahama, kiasi cha kilomita 55 kusini mwa Ziwa Victoria, na mji uliokua mlangoni mwake ni Kakola. Ni mgodi wa chini ya ardhi. Dhahabu yake imelala kwenye mkanda mwembamba unaozama chini, na wanaume kwa wanawake huingia huko kwa zamu kama watu wanaoshuka kisimani. Swali la nani mwenye Bulyanhulu ni la zamani kuliko kampuni yoyote iliyopo leo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliokuwa wamejaa eneo lile waliondolewa ili kuipisha kampuni ya Kahama Mining, tawi la Sutton Resources ya Kanada, na habari ya namna walivyoondolewa imebishaniwa tangu siku hiyo, ndani na nje ya nchi. Mwaka 1999 Barrick ya Toronto ikainunua Sutton. Mwaka 2001 mgodi ukaanza kuzalisha.

Mwaka 2010 Barrick ikaichukua migodi yake ya Tanzania na kuiweka kwenye kampuni mpya, African Barrick Gold, ambayo hisa zake ziliorodheshwa London. Mwaka 2014 kampuni hiyo ikabadili jina na kuwa Acacia. Barrick ikabaki na karibu asilimia 64 ya hisa, zilizobaki zikawa za watu wengine. Kwa lugha ya kikapu: Barrick mwenye timu, Acacia meneja mkuu. Brad Gordon aliyeiongoza Acacia tangu 2013 ndiye aliyekuwa na kauli ya kila siku, ya kuajiri, kuchimba, kuuza, na hata ya kuidhamini Chama la Wana.

Machi 2017 Rais John Magufuli alipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi. Makontena 277 yakazuiwa Bandari ya Dar es Salaam. Mei 24 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasoma Ikulu ripoti yake juu ya dhahabu iliyomo, Juni 12 kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikasoma ya pili, na nchi nzima ikawa inajifunza kemia ya mchanga wa dhahabu kwenye daladala. Acacia ilikanusha. Ikatoa taarifa juu ya taarifa, ikisema hesabu za kamati haziwezekani. Meneja alikuwa anaitetea hesabu yake.

Kisha kikatokea kile ambacho meneja yeyote anakiogopa kuliko kufungwa. Juni 14, siku mbili tu baada ya ripoti ya pili, mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alitua Dar es Salaam, akaenda Ikulu na kukaa na Rais. Acacia haikuwa mezani. Hakualikwa Gordon, hakualikwa msaidizi wake. Mwenye timu amemruka meneja na kwenda kuzungumza na mwenye uwanja.

Kwa miezi kadhaa timu ya Serikali iliyoongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi ilizungumza na Barrick, huku Acacia ikisubiri kuambiwa kilichosemwa juu yake. Mwezi Julai ililetewa madai ya kodi, faini na riba yanayofikia dola bilioni 190 za Marekani. Mwezi Septemba ikatangaza kupunguza shughuli Bulyanhulu, uamuzi uliogusa karibu watu 2,000, waajiriwa na wa wakandarasi kwa pamoja. Oktoba 19 makubaliano ya awali yakatangazwa Ikulu: dola milioni 300, ambazo mitaani zilibatizwa kishika uchumba, kugawana faida nusu kwa nusu, na Serikali kupata asilimia 16 ya hisa. Dola hizo milioni 300 zilitarajiwa kutoka Acacia, kampuni ambayo haikuwamo chumbani. Mwanzoni mwa Novemba Gordon na mkuu wake wa fedha, Andrew Wray, wakatangaza kujiuzulu.

Ukisoma hadi hapo utasema basi, ni hadithi ileile ya Memphis: mwenye timu kaamua, meneja kaondoka. Lakini hapana. Acacia haikuwa ya Barrick peke yake. Wenye hisa wengine, zaidi ya thuluthi moja, walikuwa wakilalamika London kwamba mkubwa wao anaiuza nyumba ya wote kwa sauti ya mmoja. Bodi ya Acacia ilikuwa na wajibu kwa hao pia, si kwa Thornton tu. Serikali nayo ilikuwa inasema kitu kikubwa zaidi: kwamba madini yenyewe ni mali ya Watanzania, na sheria za Julai 2017 zililiandika hilo kwa wino mzito. Kwa hiyo meneja wa Bulyanhulu alikuwa na wenyewe watatu, Toronto, London na Ikulu, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa zizi ni lake. Ungekuwa wewe ungemtii nani?

Ilichukua miaka miwili kulimaliza. Mei 2019 Serikali ilisema wazi kuwa haitasaini makubaliano yoyote ambayo Acacia ni sehemu yake. Septemba mwaka huo Barrick, ikiwa sasa chini ya Mark Bristow, ilizinunua hisa zote zilizobaki, na jina Acacia likafutika. Januari 24, 2020 mikataba ikasainiwa Dar es Salaam, na kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina asilimia 16, ikawa ndiyo msimamizi. Uchimbaji wa chini ya ardhi Bulyanhulu ulirudi mwishoni mwa 2020. Hesabu mwenyewe: tangu Septemba 2017, miaka mitatu ya kuchungulia geti tu. Mama lishe wa Kakola hakuwa na hisa Toronto wala London, ila aliulipia mgogoro huo sahani kwa sahani. Bristow mwenyewe, mshindi wa pambano, aliachia ngazi ghafla Septemba 2025. Hii kazi ya umeneja haina pensheni ya uhakika hata kwa waliotwaa kombe.

Wasukuma wana utaratibu wa zamani wa ng'ombe ambao kila ninapoyafikiria mambo haya huniijia. Mwenye mifugo mingi haiweki yote kwake. Humpa jamaa au rafiki wa kijiji kingine baadhi ya ng'ombe awatunze. Yule mtunzaji anakamua, watoto wake wanakunywa maziwa, mbolea inakwenda shambani kwake, na mambo yakienda vizuri anaweza kupewa ndama. Anaamua wapi walishwe, lini wapelekwe majini, dume gani lipande. Kuuza hawezi. Kuchinja hawezi, na ng'ombe akifa mwenyewe anajulishwa. Mwenyewe naye haji kila asubuhi kumwelekeza jinsi ya kukamua. Akifanya hivyo atarudishiwa ng'ombe wake na kijiji kitamcheka. Hakuna mwanasheria aliyeandika hayo. Yalisimama kwa sababu mambo mawili yalikuwa wazi mbele ya mashahidi: ng'ombe ni wa nani, na mtunzaji anaishia wapi.

Stand United haikuwa na hata moja ya hayo mawili. Wapiga debe walioianzisha waliamini ni yao kwa haki ya jasho. Wanachama waliamini ni yao kwa haki ya katiba na kadi. Watu wa kampuni waliamini kuwa timu ya Ligi Kuu haiendeshwi kwa kelele za mkutano mkuu, inahitaji chombo cha kibiashara kinachoweza kusaini mkataba na kutoa hesabu, na kwa hilo mimi sidhani walikosea. Walikosea kudhani kwamba kusajili kampuni ni sawa na kuhamisha umiliki. Na wanachama walikosea kudhani kwamba ukishinda hoja ya nani mwenye timu, mdhamini atabaki kukusubiri. Acacia haikujitoa kwa sababu Stand ilikuwa inafungwa. Kampuni iliyoorodheshwa London haiwezi kumweleza mkaguzi wake wa hesabu kwamba fedha zililipwa kwa mojawapo ya pande mbili, lakini haijulikani ipi halali. Cha kuchekesha, kama cheko lipo, ni kwamba chini ya mwaka mmoja baadaye kampuni hiyo hiyo nayo ikajikuta haijui yenyewe ni ya nani.

Majirani hawakuwa na nafuu kubwa. Mwadui ya Shinyanga ilikuwa na mwenyewe anayeeleweka, mgodi wa almasi wa Williamson, na sikumbuki kelele za nani mwenye timu pale. Ila zizi lenye mwenyewe mmoja hutegemea afya ya huyo mmoja: Aprili 2020 mgodi ulisimamisha uzalishaji baada ya soko la almasi kuanguka wakati wa Uviko, na mwisho wa msimu wa 2020/21 Mwadui ikashuka daraja. Geita Gold ni ya halmashauri ya Geita na imekuwa ikibebwa na udhamini wa mgodi wa GGML. Msimu wa 2021/22, wa kwanza kwake Ligi Kuu, ilimaliza nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Miaka miwili baadaye ikashuka. Timu ya halmashauri ina ugonjwa wake: mkurugenzi huhamishwa kwa barua ya Dodoma, madiwani huchaguliwa na kuangushwa, na mtendaji wa klabu hujikuta kila baada ya muda anajitambulisha upya kwa bosi ambaye hajawahi kukaa jukwaani.

Na wakubwa wa Dar es Salaam? Simba walilipeleka swali hili kwa wanachama Desemba 2017, na mfumo mpya ukaja kuwa huu: asilimia 51 kwa wanachama, 49 kwa mwekezaji, Mohamed Dewji, kwa shilingi bilioni 20. Kwenye makaratasi ni mpango mzuri. Uwanjani umezaa watendaji wakuu wengi kwa miaka michache, mmoja wao, Senzo Mazingiza, akavuka barabara Agosti 2020 na kwenda Yanga, jambo ambalo kwa mashabiki ni sawa na sheikh wa mtaa kuonekana kwaya ya kanisa. Baada yake Barbara Gonzalez alishika nafasi hiyo, mwanamke katika kiti kilichozoea wanaume, akaijaza klabu wadhamini, na mwanzoni mwa 2023 akaondoka. Dewji mwenyewe aliachia uenyekiti wa bodi 2021 na akarudi 2024 baada ya baadhi ya wajumbe kujiuzulu. Nani ana kauli ya mwisho juu ya usajili Simba, mwenyekiti wa wanachama, mwenyekiti wa bodi au mtendaji mkuu? Muulize shabiki wa Simba aliye karibu nawe. Kisha muulize wa pili. Hawatakupa jibu moja.

Najua upo utetezi wa mfumo wetu, na una uzito. Klabu ya wanachama haiwezi kuhamishwa mji kwa kalamu ya mtu mmoja kama Grizzlies walivyotolewa Vancouver kupelekwa Memphis mwaka 2001. Hakuna tajiri atakayeibeba Chama la Wana kuipeleka Dodoma akaibadili jina bila stendi nzima kufunga barabara. Hilo ni jambo la thamani na nisingependa tulipoteze. Lakini umiliki wa wengi si umiliki wa kila mtu kwa wakati wake. Ukiwa wa wengi ndio unahitaji zaidi karatasi moja inayosema mtendaji anaajiriwa na nani, anaweza kusaini kiasi gani bila kuuliza, nani anamwondoa, na kwa kura ngapi. Karatasi hiyo iandikwe kabla mdhamini hajaleta hundi. Hundi ikishafika hakuna anayesoma.

Stand waliendelea bila fedha ya mgodi. Septemba 2018 walikwenda Dar es Salaam, Mrundi wao Alex Kitenge akaipiga Yanga mabao matatu peke yake, na bado wakapoteza 4-3, kitu ambacho kinaeleza maisha ya klabu hiyo vizuri kuliko makala hii. Mei 2019 wakashuka daraja. Mwaka 2025 walimaliza wa tatu kwenye Championship, wakacheza mchujo wa kurudi Ligi Kuu na Fountain Gate, wakashindwa. Ukipita Shinyanga, shuka stendi, ulizia katiba ya klabu. Kama ni mwanachama, dai nakala yako kabla ya mkutano mkuu ujao, na usome ukurasa unaotaja mwenye timu.